Kijiti cha Kupimia Maziwa

Siku tulipomaliza matanga ya mama, mama mdogo Anjela, aliyekuwa mdogo wake wa mwisho, alitoa vitu vyote nje na kuvipanga juu ya mkeka. Havikuwa vingi. Vitambaa vinne vya kujifunga, rozari, viatu vya kwendea misa, kichujio, mwiko, sufuria mbili kubwa, na sufuria moja ndogo yenye doa jeusi chini yake. Wanawake wa ukoo walikaa kuzunguka mkeka, wakaningoja.

"Weye njo mutoto wake," mama mdogo akasema. "Chagua wa kwanza."

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Nilinyoosha mkono, nikachukua kijiti cha mpera kilichokuwa kimelala kati ya mwiko na kichujio. Ni kijiti kisichozidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole. Kimekuwa cheusi kwa moshi na kinang'aa kwa kushikwa. Wanawake walitazamana. Mmoja alicheka kidogo, cheko la huruma.

"Ile ni kakijiti tu, mama," akaniambia. "Kamata kitambaa. Utaenda kupikia nini na kakijiti?"

"Kinanitosha," nikasema.

Nilikipeleka puani bila kufikiri. Kilikuwa bado na ile harufu: maziwa yaliyochemka muda mrefu, moshi wa makala, kama tunavyoita makaa, na kwa mbali sana, uchungu wa kitu kilichoungua. Sikujua kama uchungu ule ulikuwa ndani ya mti au ndani yangu.

Mama alikuwa mpikaji wa keki. Tulikaa Rwambuzi, mtaa mmoja wa Bunia, katika nyumba ya matofali mabichi yenye jiko la nje. Hakuwa na tanuri. Aliweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaitia motoni mpaka mchanga ukawa na joto, kisha akapanga ndani yake mikebe mitupu ya sadini iliyopakwa mafuta na kujazwa unga uliokorogwa. Alifunika, akaweka makala mekundu juu ya kifuniko. Kwa hiyo keki za mama zilikuwa na umbo la mkebe wa sadini, zenye pembe za mviringo, na watoto wa shule waliziita samaki. "Mama Rozi, nipe samaki mbili." Alikuwa akiuzia Nyakasanza, karibu na shule ya msingi, na siku ya Bwana nje ya kanisa baada ya misa.

Siri ya keki zile ilikuwa maziwa ya bwati, yaani ya kopo, yale mazito yenye rangi ya manjano kidogo, yaliyokuja na malori kutoka ng'ambo ya Uganda. Kila mtu alijua siri hiyo, kwa sababu mama hakuificha. Alitoboa bwati kwa msumari matundu mawili, moja huku na moja kule. Kitundu kimoja cha maziwa, akasema, na kimoja cha pumzi, kwa sababu hata maziwa hayawezi kutoka mahali yasipopumua. Alipomaliza kumimina, alitia chai ya moto ndani ya bwati, akaitikisa, na chai hiyo ilikuwa ya papa, baba yangu. Papa asipokuwepo, ilikuwa yangu.

Mara nyingi hakuwepo. Papa alichimba dhahabu Mongbwalu, pamoja na watu wa kila mahali, Wakristo na Waislamu, waliokuja kutafuta maisha ndani ya mashimo. Alirudi kila baada ya miezi kadhaa akiwa na udongo mwekundu ndani ya kucha, udongo usiotoka hata kwa sabuni. Uoga wangu wa watu niliurithi kwake. Tulikaa pamoja mlangoni asubuhi nzima bila kusema neno, na hatukuchoka. Kila aliporudi, mama alipika keki moja kubwa, ya sufuria nzima, ambayo haikuuzwa. Papa alikata kipande cha kwanza akanipa mimi, na mama akajifanya amekasirika.

"Mimi njo nimepika, na mutoto njo anaanza?"

"Mupikaji alisha kula kwa harufu," papa akajibu. Hayo yalikuwa maneno mengi kwake.

Kisha vita ikaja. Wasomaji wa umri wangu waliokulia Bunia hawahitaji nieleze. Sitaandika hapa ni kabila gani lilifanya nini, kwa sababu nilikuwa na miaka saba, na katika miaka saba mtu anajua tu nani alimpa kitu na nani haji tena. Kitu cha kwanza nilichokiona mimi katika vita hakikuwa bunduki. Kilikuwa meza ya muuza duka wa karibu na kwetu, mahali zilipokuwa zimepangwa bwati za maziwa, moja juu ya nyingine kama ngazi. Ngazi ilipungua. Ikabaki bwati moja, yenye kutu pembeni. Siku moja nayo haikuwepo, na mahali pake paliwekwa mishumaa.

Mama hakulia. Alisema kila kitu kinaweza kupata cha kushika nafasi yake, mpikaji akiwa na akili. Alianza na soja. Aliiloweka, akaitwanga, akaichuja kwa kitambaa, akaichemsha. Maziwa yalitoka meupe kweli, nikafurahi. Lakini keki zilitoka nzito, na wateja wake wa Nyakasanza hawakumwonea haya.

"Mama Rozi, hii samaki yako iko na harufu ya maharagi."

"Kula kwanza. Harufu haijaze tumbo."

"Ni keki ao ni majani ya sombe umekausha? Sema tu ukweli, siye tutalipa."

Watu walicheka, mama naye akacheka, lakini alirudi nyumbani na nusu ya keki ndani ya beseni. Akajaribu karanga. Alizimenya, akazisaga juu ya jiwe, akazichuja. Keki za karanga zilikuwa tamu, mimi ningezila kila siku, lakini mafuta yalipanda juu na kesho yake zilikuwa na ladha ya kuchacha. Akajaribu maziwa ya unga yaliyouzwa katika vifuko vidogo sokoni, maji kidogo na unga mwingi ili yawe mazito. Muuzaji alikuwa amechanganya na unga wa muhogo. Mama aliyakoroga yakawa gundi. Alisimama akaangalia mwiko umesimama wenyewe ndani ya bakuli, akasema, "Haya. Na hii tutajengea nyumba."

Aliyemwokoa ni Mama Bahati. Mama Bahati alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, aliyekuja asubuhi na bidoni ya maziwa kutoka vilima vya ng'ombe. Hakuwa wa kabila letu. Yeye na mama walitaniana kila siku utani uleule.

"Umetia maji ngapi leo?"

"Ata tone. Ni ng'ombe njo alikunywa sana."

Ni yeye aliyemwambia mama kwamba maziwa ya bwati si kitu cha ajabu. Ni maziwa ya ng'ombe tu, yaliyotolewa maji. Weka maziwa mapya juu ya moto mdogo, moto wa kusinzia, usitoke karibu, koroga chini yasishike, ondoa utando au uurudishe ndani. Yakipungua mpaka nusu, una bwati yako. "Wazungu wanafunga tu ndani ya chuma," akasema. "Siye tunafunga ndani ya sufuria."

Shida ilikuwa kujua nusu. Kwa macho, nusu inadanganya. Mama alitoa mapema, keki ikawa na majimaji. Alichelewa, ikawa kavu. Wakati huo papa alikuwa amerudi, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho, ingawa hakuna aliyejua. Alimtazama mama akihangaika siku mbili. Siku ya tatu alikata kijiti kwenye mpera wa nyuma ya jiko, akakimenya ganda. Alimimina maji vikombe kumi ndani ya sufuria ndogo, akasimamisha kijiti katikati, akakata alama mahali maji yalipofika. Akatoa vikombe vitano. Akasimamisha tena, akakata alama ya pili. Alinipa mimi nikishike, sio mama.

"Hapa yote," akasema, na akaweka kidole changu juu ya alama ya juu. "Hapa nusu. Lakini ni kwa hii sufuria tu. Ukitia mu sufuria ingine, kitakudanganya."

Siku tatu baadaye alirudi Mongbwalu. Mama hakutaka aende. Nilisikia akimwambia mashimo yanaweza kungoja. Papa akasema mashimo yanaweza, lakini Kizito hawezi. Kizito alikuwa mdogo wangu, aliyezaliwa miezi michache tu kabla.

Tangu hapo kazi yangu ikawa kukaa karibu na mbabula, lile jiko letu la makala, na kulinda maziwa. Nilipenda kazi ile kuliko kucheza. Haikudai kusema. Nilikoroga polepole, nikatia kijiti, nikaangalia mstari mweupe ukishuka kutoka alama ya juu kwenda ya chini, taratibu kama mtu mzee anayeteremka kilima. Mvuke ulipanda ukanigusa uso, ukaniachia nywele zenye harufu ya maziwa. Siku moja nikamuuliza mama kitu kilichokuwa kikinisumbua. Tuliweka maziwa mengi, tukatoa machache, na hakuna aliyekunywa.

"Mama, nusu ingine inaenda wapi?"

Alikuwa anampangusa Kizito pua, ana unga mikononi. Nadhani hakufikiri. Aliangalia mvuke ukipita juu ya ukuta wa jiko, akatabasamu.

"Inaenda kwa papa yako," akasema. "Ye pia, haiko mutu wa kunywa?"

Ni maneno ambayo mama yeyote anaweza kumwambia mtoto. Mimi niliyapokea kama katekisimu. Tangu siku ile nilijua kwamba mvuke una njia. Nilitazama upepo. Upepo ukienda upande wa Mongbwalu, nilifurahi; ukienda upande mwingine, nilikuwa naukemea kimyakimya. Nikaanza pia kumtumia maneno. Nilisogeza mdomo juu ya sufuria, nikasema taratibu yale ambayo sikuwahi kumwambia alipokuwa amekaa kando yangu mlangoni. Kwamba Kizito ameota jino. Kwamba nimepata kumi juu ya kumi katika hesabu. Kwamba mama analala na shati lake. Nilifikiri anapokea maneno yale na maziwa yake asubuhi, ndani ya kikombe, kule shimoni.

Kisha watu wakaanza kufika kutoka Mongbwalu kwa miguu. Walipita barabarani na magodoro kichwani, wengine bila kitu. Mama alisimama pembeni ya barabara siku nzima na Kizito mgongoni, akiuliza. Hakuna aliyejua. Siku ya tano akaja Musa, Mwislamu mmoja mfupi aliyechimba shimo moja na papa, ambaye miaka iliyopita alikuwa amekula keki nyumbani kwetu na kusema ikiwa peponi hakuna keki ya namna ile, yeye atarudi Rwambuzi. Sikumtambua. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Alikaa juu ya jiwe mlangoni, hakutaka kuingia.

"Tulikimbia wote mu pori," akamwambia mama. "Tulikuwa watu munane. Siku ine hatukula kitu, mama. Majani tu. Papa Rozi mguu ilimuvimba, alisema, muende, nitafuata."

"Mulimuacha?"

Musa aliangalia mikono yake. "Yeye njo alisema muende."

"Alikuwa na chakula?"

"Hakuna aliyekuwa na chakula."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Katika maneno yote yale, mimi nilisikia moja tu. Papa hakula kitu siku nne. Na mimi kila siku nilikuwa nimemtumia nusu. Nilianza kuhesabu makosa yangu. Labda nilitoa sufuria mapema. Labda nusu haikutosha kwa safari ndefu namna ile, mvuke uliisha njiani.

Baada ya siku chache, vita ikafika kwetu mjini. Mama Bahati alikuja asubuhi moja akikimbia, bidoni kichwani, bila utani.

"Kesho sitakuja," akasema. "Ata keshokutwa. Kwetu watu wanatoka. Kamata yote. Usinilipe kitu."

"Na weye utakunywa nini njiani?"

"Miye niko na ng'ombe. Weye uko na mutoto."

Walikumbatiana. Sikuwa nimewahi kuwaona wakigusana. Alipokwenda, mama alimimina maziwa ndani ya sufuria ndogo, yakafika sawasawa kwenye alama ya juu ya kijiti, kama kwamba Mama Bahati naye alikuwa ameyapima. Mama alitia sukari yote iliyobaki, mpaka akagonga kopo chini. Alikuwa amenieleza akipanga vitu: tutaondoka na watu wa mtaa kwa barabara ya Beni, ni njia ndefu, maziwa ya kawaida yatachacha mchana huohuo. Lakini yakipikwa na sukari mpaka nusu, yatakaa siku nyingi ndani ya chupa. Njiani atachota kijiko kimoja, atatia maji ya moto, Kizito atakunywa. Alikuwa ameosha chupa yenye mdomo mpana na kuianika juani kwenye ukuta.

Yote hayo alinieleza. Nataka hilo liandikwe vizuri. Sikuwa mtoto ambaye hakuelezwa. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakunieleza, kwamba tangu siku Musa alipokuja, kifua chake kilikuwa kimekauka. Mimi nilimwona Kizito kila saa amelala kifuani mwa mama akinyonya. Nilimwona akilia baada ya kunyonya, nikafikiri ni ulafi. Kwa macho yangu, Kizito alikuwa na maziwa yake, na hayaishi. Papa ndiye hakuwa na mtu.

"Minaenda kuangalia kama iko kamyo ya kutubeba," mama akasema, akimfunga Kizito mgongoni. "Angalia vizuri. Ikifika hapa, unatoa." Aliweka kidole changu juu ya alama ya pili, kama papa alivyofanya. "Mi nakuaminia, Rozi."

Nilikaa. Nilikoroga. Milio ya bunduki ilisikika kwa mbali, upande wa Mbunya, na kuku wa jirani walikuwa wakitembea kama kawaida. Maziwa yalishuka. Harufu ya sukari na maziwa ilijaa uani, harufu nzuri kuliko zote nilizowahi kunusa, kama peremende za bonbon. Upepo ulikuwa unakwenda upande wa Mongbwalu. Niliona hilo, nikaona ni ishara. Mstari ukafika kwenye alama ya pili. Nilishika kitambaa cha kutolea sufuria. Kisha nikakiweka chini.

Nilisogeza mdomo, nikamwambia papa leo namtumia yote. Nikamwambia kuna sukari ndani. Nikamwambia anywe polepole, asijiunguze, kisha ainuke atembee.

Maziwa yalishuka chini ya alama. Yakawa ya rangi ya manjano, kisha ya kahawia kama ngozi yangu. Yakaanza kutoa mapovu mazito yanayopasuka polepole. Sikukoroga tena, kwa sababu niliona kukoroga kunayazuia kwenda. Harufu ya bonbon ikageuka. Moshi ukawa mweusi, macho yakaniuma, na mimi nilikuwa na furaha. Nasema kweli. Sijawahi tena kuwa na furaha kama ile.

Mama alisikia harufu akiwa bado barabarani. Aliingia uani akikimbia, Kizito akitikisika mgongoni, akashika sufuria kwa mikono mitupu na kuiweka chini. Ndani kulikuwa na kitu cheusi kinachong'aa, kimeshika chini kama lami. Alichukua kijiko akakwangua. Kijiko kilitoa mlio wa chuma.

Hakunipiga. Alichuchumaa mbele yangu, viganja vyake vimeanza kuvimba, akauliza kwa sauti ya chini, "Juu ya nini, Rozi? Ulilala?"

"Hapana."

"Sasa juu ya nini?"

"Papa iko na njaa," nikasema. "Nilimutumia yote."

Aliniangalia. Mwanzoni hakuelewa. Kisha niliona akikumbuka maneno yake mwenyewe, niliona kabisa yakimrudia usoni. Alikaa chini, pale kwenye majivu, na kitambaa chake cha safari. Kizito alikuwa anavuta nywele zake. Kisha akainuka, akatia maji ndani ya sufuria, akaisugua kwa mchanga, akaisugua mpaka malengelenge ya viganja yakapasuka. Doa la chini halikutoka. Halijatoka mpaka leo. Kamyo haikuwepo. Tulifukia vyombo nyuma ya jiko, kijiti kikiwa ndani ya sufuria, tukafuata watu kwa miguu.

Nitaandika safari kwa ufupi, kwa sababu sina nguvu ya kuiandika kwa urefu. Mama alimpa Kizito maji ya chai, na maji ya mchele alipopata mtu mwenye mchele. Siku ya pili alianza kuharisha. Siku ya tatu aliacha kulia, na mimi nikafikiri amezoea safari. Nilimwambia mama, angalia, Kizito amekuwa mtoto mzuri. Mama aliongeza mwendo. Tulimzika kabla ya kufika Komanda, pembeni ya barabara. Mzee mmoja ambaye hatukumjua alichimba kwa jembe lake na akasema Baba Yetu. Mama alimfunga Kizito ndani ya shati la papa. Hapo nikajua kwamba papa hatarudi, au kwamba mama ameacha kumngoja, na kwa mtoto ni kitu kimoja.

Papa hakurudi. Hakuna aliyetuambia alimwona amekufa. Vita ilipotulia tukarudi Rwambuzi, nyumba haikuwa na mabati wala milango, lakini vyombo tulivikuta ardhini. Mama alianza tena kupika keki. Nilisoma mpaka mwaka wa sita, nikaacha, nikamsaidia. Bwati za maziwa zilirudi madukani, zikapangwa tena kama ngazi, lakini mama hakununua hata moja. Aliendelea na maziwa ya ng'ombe, sufuria ndogo na kijiti. Na hakuniruhusu tena kukaa karibu na sufuria ile. Mimi nilichota maji, nilichuja unga, nilipaka mikebe mafuta. Yakichemka maziwa, alinituma dukani au kanisani. Nilielewa kwamba hajanisamehe, na niliona ana haki. Miaka yote ile hatukutaja. Aliugua, akalala, akafa, na hatukutaja.

Sasa narudi kwenye mkeka. Wanawake walipokuwa wamekwisha gawana na kuondoka, mama mdogo Anjela alichukua ile sufuria yenye doa akaiweka miguuni kwangu.

"Kamata na hii," akasema. "Kijiti bila sufuria yake kitakudanganya."

Nilishtuka, kwa sababu hayo yalikuwa maneno ya papa.

"Alikuwa ananiambia mambo mingi ya hii sufuria," mama mdogo akaendelea, akikunja mkeka. "Unajua njo hii iliunguza maziwa ya Kizito, kabla mukimbie? Alisahau sufuria juu ya moto, akaenda kutafuta kamyo. Alikuwa anasema, Anjela, ni miye njo niliunguza, ni mikono yangu. Kila mwaka anasema. Mi namuambia, dada, ni vita. Hasikii."

Niliangalia mikono yangu juu ya magoti. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo ulifunguka. Mama mdogo alikuwa ananiangalia kwa upendo, akingoja nilie.

"Ndiyo, mama mdogo," nikasema. "Najua."

"Na unaona hii?" Alichukua kijiti mkononi mwangu, akakigeuza kwenye mwanga. Chini ya alama mbili za papa, zilizokatwa safi kwa mkono unaojua kisu, kulikuwa na alama ya tatu. Ilikuwa fupi, imekwaruzwa zaidi ya kukatwa, imepinda. Sikuwa nimeiona, kwa sababu miaka yote ile sikukishika. "Nilimuuliza, juu ya nini unaacha maziwa ishuke mpaka hapa, unatupa bure? Akasema, ile nusu ni ya papa Rozi. Hii kidogo ni ya Kizito. Alikuwa anasema na mvuke, mama yako. Alikuwa anakufukuza weye kwanza, juu usisikie."

Nimerudi na vitu vile nyumbani kwangu. Jumamosi nilinunua maziwa mapya, nikayaweka juu ya moto mdogo, nikakaa. Yalianzia alama ya kwanza ya papa, yakashuka mpaka ya pili, yakafika ile ya mama. Nikayatoa. Keki zilitoka nzuri, nikawapa watoto wa jirani, na sikula.

Chini ya alama ya tatu, kabla ya kijiti kuisha, kuna nafasi ya alama moja, ya sehemu yake mama. Nimekaa na kisu mara mbili. Bado sijakata.